Meko Inayorudisha Moshi Imekosewa Vipimo, Usisingizie Upepo

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu meko yake mpya ya kuni, ya kujengewa ukutani sebuleni. Mdomo wake una upana wa sentimita 100 na kimo cha sentimita 80. Mbele imepambwa kwa mawe ya kuchonga, na juu ya mdomo, sentimita 24 tu kutoka ukingoni, kuna rafu nene ya mbao. Kila akiwasha, moshi unarudi chumbani, na dari tayari imeanza kupiga weusi. Aliyemjengea amemwambia kwamba upepo ndio unaosukuma moshi chini, kwa hiyo atafute kofia kubwa zaidi ya dohani. Anauliza anunue kofia ya aina gani.

Asinunue. Katikati ya ujumbe wake, kama jambo la kupita tu, ametaja kwamba ndani ya dohani kumepitishwa bomba la duara lenye kipenyo cha sentimita 20. Ugonjwa uko hapo, na hakuna kofia itakayouponya.

Tupige hesabu. Mdomo wa 100 kwa 80 una eneo la sentimita za mraba 8,000. Bomba la kipenyo cha sentimita 20 lina eneo la 314 hivi. Yaani njia ya kutokea ni sehemu moja ya ishirini na tano ya mlango wa kuingilia. Meko ya wazi inataka njia ya moshi isiyopungua sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Bomba la duara lililonyooka katika dohani ndefu linaweza kuvumilia moja ya kumi na mbili. La mstatili mwembamba linataka moja ya nane, kwa sababu moshi hupanda ukizunguka na pembe za mstatili hazimsaidii mtu. Kwa mdomo wa msomaji huyu tunahitaji sentimita za mraba 800, ambazo ni bomba la kipenyo cha sentimita 32. Amewekewa chini ya nusu ya eneo hilo.

Inaniuma sana jambo hili. Watu huchagua mawe kwa wiki tatu, hubishana kuhusu rangi ya rafu, kisha hakuna hata mmoja anayetenga dakika tano za kuzidisha na kugawanya kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Hewa ndiyo inayofanya kazi

Moshi haupandi dohani kwa sababu ni moshi. Unapanda kwa sababu hewa ya moto iliyomo ndani ya dohani ni nyepesi kuliko hewa ya nje, na tofauti hiyo huzaa mvuto. Mvuto wenyewe ni mdogo mno, paskali (kipimo cha shinikizo la hewa) 10 hadi 20 hivi katika meko nyingi. Feni ya jikoni inayotoa mvuke nje ya nyumba inaweza kuushinda bila taabu. Wakati huohuo meko ya wazi humeza mamia ya mita za ujazo za hewa kila saa, na hewa hiyo lazima iingie kutoka mahali fulani. Nyumba iliyozibwa vizuri, madirisha yenye mpira na milango isiyo na mwanya, huinyima meko pumzi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kwa yeyote mwenye moshi sebuleni hakigharimu kitu. Zima feni zote za kutoa hewa. Washa moto. Moshi ukirudi, fungua dirisha la chumba hichohicho kwa sentimita 3 au 4. Ukikoma, dohani yako ni nzima na unachohitaji ni tundu la kuingiza hewa ya nje karibu na meko. Usipokoma, nenda kwenye kipimo cha pili: shika ubao mpana wa bati, uuweke juu ya mdomo wa meko, uushushe taratibu moto ukiwaka. Mahali moshi unapokoma kutoka, weka alama. Ikiwa ni sentimita 10 au 15 chini ya ukingo wa juu, fundi wa chuma atakutengenezea kizuizi cha kudumu cha upana huo na habari itaishia hapo. Ikiwa umeshusha bati hadi nusu ya mdomo, vipimo vimekosewa tangu mwanzo.

Kimo cha dohani nacho kina kanuni yake. Ncha iwe juu ya mahali inapotobolea paa kwa sentimita 90 au zaidi, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa mlalo, iwe mgongo wa paa, ukuta wa jirani au tangi la maji. Kutoka sakafu ya meko hadi ncha, chini ya mita 4.5 mvuto huwa dhaifu. Dohani ikilazimika kupinda, isipinde zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima. Na kama una uhuru wa kuchagua, ipitishe ndani ya nyumba. Dohani iliyobandikwa nje ya ukuta hupoa, na dohani baridi huwa imejaa hewa nzito inayoshuka kabla hujawasha njiti ya kwanza. Aliye nayo tayari aipashe moto kwanza: kunja gazeti, liwashe, lishikilie chini ya koo la meko, ule mwanya mwembamba juu ya moto unaopitisha moshi kwenda dohani, kwa dakika moja au mbili hadi uone mwali unavutwa juu.

Kujenga tangu chini

Meko ya matofali pamoja na dohani yake ina uzito wa tani kadhaa. Haikai juu ya sakafu ya kawaida. Inataka msingi wake wa zege wenye unene wa sentimita 30, unaotoka nje ya kuta za meko kwa sentimita 15 kila upande. Msingi ukititia, dohani inajitenga na nyumba, na ufa wa kwanza hutokea mahali usipopaona, ndani ya njia ya moshi.

Sakafu ya meko iwe zege au tofali lenye unene wa sentimita 10. Kisha iendelee mbele, chumbani, kwa kitu kisichoungua. Kwa mdomo wenye eneo lisilofika mita ya mraba 0.56, sentimita 40 mbele na 20 kila upande zinatosha. Mdomo mkubwa zaidi unataka 50 mbele na 30 kila upande. Zulia na sakafu ya mbao viishie nje ya mpaka huo. Zaidi ya hapo weka kiunzi cha wavu mbele ya moto, kwa sababu gogo likipasuka linarusha kaa mbali.

Sehemu inayoguswa na mwali ijengwe kwa matofali ya kustahimili moto, yale yanayotumika kwenye matanuri. Ukubwa wake wa kawaida ni milimita 230 kwa 114 kwa 64. Ukiyalaza kwa kawaida, mita ya mraba inakula 64 hivi. Ukiyasimamisha uso mpana ukitazama moto, inakula 37. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vipande vya kukata. Unene wa ukuta mzima, tofali la moto pamoja na la nyuma yake, usipungue sentimita 20. Kati ya tabaka hizo mbili acha mwanya mdogo ujazwe sufi ya madini, nyuzi laini zisizoungua, ili tofali la moto lipate nafasi ya kutanuka bila kusukuma ukuta wa nje.

Mota, ule udongo wa kuunganishia matofali, ndiyo inayowaangusha wengi. Saruji ya kawaida hushikilia kwa sababu ya maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake. Joto likipita nyuzi 400 au 500, maji hayo hutoka, na kilichobaki kinakuwa unga. Ndani ya meko tumia mota ya kustahimili joto peke yake, na viungo viwe vyembamba: milimita 3 ni vizuri, 6 ndiyo mwisho. Kiungo kinene hupasuka na kudondoka hata kama mota ni bora.

Kizingiti cha chuma juu ya mdomo kilale juu ya tofali kwa sentimita 10 kila upande, lakini kisibanwe kwa mota kwenye ncha. Chuma cha mita moja kikipata joto la nyuzi 400 kinarefuka kwa karibu milimita 5. Acha mwanya wa sentimita moja kila ncha, ujaze sufi. Ukiona nyufa za mshazari zinazoanzia pembe za juu za meko, ujue chuma kilikosa pa kwenda.

Umbo la ndani limejulikana kwa zaidi ya miaka 200. Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Count Rumford, aliandika mwaka 1796 kwamba meko za wakati wake zilikuwa na kina kirefu mno na koo pana mno. Akazifanya fupi kwa kina, ukuta wa nyuma mwembamba kuliko mdomo, kuta za pembeni zikifunguka kwa nyuzi 135 kutoka ule wa nyuma, na koo la inchi 4, kama sentimita 10. Sababu yake bado ni ileile: joto la meko ya wazi linalokufikia ni lile la mnururisho, linalosafiri kama mwanga, na ukuta wa pembeni ulionyooka unaangazia ukuta mwenzake badala ya kukuangazia wewe. Mafundi wengi leo huchukua njia ya kati: kina cha sentimita 50, pembeni kukifunguka kiasi, ukuta wa nyuma ukisimama wima sentimita 30 na ushei kisha ukiinama mbele kuelekea koo.

Koo likae sentimita 20 au zaidi juu ya ukingo wa mdomo. Likiwa chini ya hapo, moshi unapogonga unajikunja na kurudi chumbani. Hapo ndipo kinapokaa kifuniko cha chuma cha kufungua na kufunga. Nyuma yake kuna rafu ya moshi, kijukwaa cha tofali ndani ya njia ya moshi, na juu yake chumba cha moshi kinachobana taratibu hadi kufikia bomba. Matofali ya chumba hicho huletwa ndani ngazi kwa ngazi, na ngazi hizo hukamata masizi na kuvuruga moshi. Zipige plasta ya kustahimili joto ya sentimita 2 hadi uso uwe laini, na mteremko wake usizidi nyuzi 30 kutoka wima. Hakuna atakayeiona kazi hii. Ndiyo maana hurukwa, na ndiyo maana nikikagua meko naanza kumulika hapo.

Mbao na joto

Mbao zote za nyumba, boriti, kenchi, dari, zikae mbali na meko: sentimita 5 mbele na pembeni, 10 nyuma, na 5 kuzunguka dohani inayopita ndani ya nyumba. Mwanya huo usijazwe takataka za ujenzi. Watu hubisha wakisema mbao zimekaa zikigusa dohani miaka kumi na hazijaungua. Hilo halithibitishi kitu. Mbao inayopashwa joto miaka na miaka hubadilika polepole kuwa kama mkaa, na kila mwaka inahitaji joto dogo zaidi ili kushika moto.

Rafu ya mapambo inafuata kanuni kali zaidi. Ndani ya sentimita 15 kutoka mdomo, mbao haitakiwi kabisa. Kati ya sentimita 15 na 30, inaruhusiwa kutokeza kwa sehemu moja ya nane ya umbali wake tu. Rafu ya msomaji wetu iko sentimita 24 juu ya mdomo, kwa hiyo ilitakiwa kutokeza sentimita 3. Rafu ya sentimita 3 haiwekwi hata kikombe. Aitoe, aipandishe juu, au aweke ya jiwe.

Nje, juu ya paa, adui ni maji. Kichwa cha dohani kiwe zege lenye mteremko, kitokeze sentimita 5 nje ya tofali, na chini ya ukingo kiwe na mfereji wa kudondoshea maji. Bati la kiungo kati ya dohani na paa liingizwe ndani ya mstari wa mota. Lililopakwa lami tu litaachia. Usipake dohani rangi ya mafuta, kwa sababu inafungia unyevu ndani ya tofali. Kofia ya juu, yenye wavu wa matundu ya milimita 12 hivi, inazuia mvua, ndege na cheche. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Acha mota na zege vikae siku 28. Kisha anza na moto wa vijiti kwa saa moja, uache upoe kabisa. Kesho yake ongeza kidogo. Endelea hivyo siku tano kabla ya kuweka gogo. Maji yaliyobaki ndani ya tofali yakichemka kwa ghafla yanapasua. Nyufa nyembamba kama unywele ni za kawaida. Ufa unaoingiza ukucha uzibwe.

Uwashaji ulio bora ni wa juu kwenda chini. Magogo mawili au matatu chini, kuni za wastani juu yake, vijiti vikavu kileleni, washa kileleni. Moshi wa kuni za chini unapita ndani ya mwali na kuungua, na dohani inapata joto mapema.

Kuni na masizi

Ukinisikiliza jambo moja tu katika matunzo, liwe hili: kausha kuni. Kuni mbichi inaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Mzigo wa kilo 10 una lita 5 za maji, na moto wako utazichemsha zote kabla ya kukupa joto. Mvuke huo unaupoza moshi, na moshi ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi ndani ya dohani, lami yake huganda kwenye kuta. Lami hiyo ni kreosoti, na inaungua. Moto wa dohani hupita nyuzi 1,000.

Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Kipima unyevu kidogo cha pini mbili kinatosha, lakini pasua gogo kwanza na upime uso mpya wa ndani. Gome la nje hudanganya. Pasua kuni ziwe na unene wa sentimita 8 hadi 15, zipange zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini, funika juu peke yake na uache pembeni wazi. Mti laini unataka miezi 6 hadi 12, mgumu mwaka mmoja hadi miwili. Usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki, wala mbao zilizookotwa baharini: chumvi yake hula bomba la chuma kisichoshika kutu.

Dohani isafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na wakati wowote utando ukifika milimita 3. Brashi iwe ya kipimo cha bomba lenyewe, ya waya kwa bomba la udongo, ya plastiki ngumu kwa la chuma. Ziba mdomo wa meko kwa turubai kabla ya kuanza. Ukimaliza, ingiza mkono kwenye rafu ya moshi. Masizi yote uliyoyaangusha yamelala pale, na wasafishaji wavivu huyaacha. Masizi ya unga mweusi ni salama kwa maana kwamba yanatoka. Magamba yanayong'aa ni onyo. Ukikuta utando mgumu kama kioo cheusi, brashi haitaufaa, mwite mtaalamu na usiwashe.

Dohani ikishika moto utaisikia ikinguruma. Funga milango ya meko kama ipo, toa watu wote nje, piga simu zimamoto. Usimwage maji ndani ya dohani: bomba la udongo lenye joto hilo litapasuka. Baada ya hapo isitumike hadi ikaguliwe kwa kamera kutoka juu hadi chini.

Kifuniko cha koo kisifungwe hadi makaa yote yazime kabisa. Kaa jekundu lisilo na moshi bado linatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Weka king'ora chake chumbani na karibu na vyumba vya kulala. Majivu nayo huficha makaa hai hadi siku nne. Yatoe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje, mita 3 au zaidi kutoka nyumba. Usiyatoe yote: sentimita 2 au 3 za majivu chini ya moto hushikilia joto na kuokoa tofali.

Sasa, kwa msomaji wangu

Una njia tatu. Ya kwanza ni kulitoa bomba na kuweka la sentimita 32, ikiwa dohani ina nafasi. Pima kabla ya kuota. Ya pili ni kupunguza mdomo: bomba lako la eneo la 314 linabeba mdomo wa sentimita za mraba 3,140, kama 60 kwa 52. Meko yako kubwa itakuwa ndogo, na mawe ya mbele yatabidi yakatwe upya.

Ya tatu ndiyo ningeichagua. Ingiza ndani ya meko jiko la chuma la kufungwa, lenye mlango wa kioo. Meko ya wazi hukupa kama sehemu moja ya kumi tu ya joto la kuni, lililobaki linapaa. Jiko la kufungwa hukupa zaidi ya nusu. Mengi hutumia bomba la sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo ulilo nalo linaweza kufaa bila kubomoa. Kabla ya kununua, mulika bomba hilo uone lebo yake, uhakikishe ni la kuni na si la gesi, na kwamba limeshuka hadi litakapounganishwa na jiko moja kwa moja, si kuishia hewani juu ya koo. Hadi hapo usiwashe, na ile rafu ishuke wiki hii.